Injini Ambayo Papa Hakuiona

Evere, Bruxelles
14 Januari 2024

Papa mpendwa,

Barua hii anakuletea Maman Victorine wa kanisani kwetu Matonge. Anakuja Lubumbashi kwenye matanga ya dada yake, kwa hiyo mpe pole kwanza kabla hujafungua bahasha. Nakujua.

Nimepata kazi mpya. Miaka sita nimekaa chini ya tramu za mji huu nikitafuta nyaya zilizokatika, na sasa inatosha. Niko kwenye karakana ya kujaribia injini, dakika ishirini kwa basi kutoka kwangu. Ni injini ya ndege ya kivita, ile aina inayotengenezwa ili rada isiione na hata joto lake lisionekane kwa mbali. Nchi kadhaa zinaitengeneza pamoja na magazeti yameandika, kwa hiyo mpaka hapo sijavunja sheria. Kazi yangu mimi ni vihisi, vile vidude vidogo vinavyofungwa mwilini mwa injini ili vipime joto na mtikisiko. Hapo ndipo mwisho wa ninachoweza kukuambia.

Najua utauliza. Mtu aliyefungua injini za ndege uwanja wa Luano miaka thelathini na moja, hadi zikamchukulia masikio yote mawili, hawezi kusoma neno "injini" akatulia. Lakini Papa, nimeweka sahihi ya kunyamaza. Kibali nilicho nacho ni cha muda tu. Ofisi ya usalama itanichunguza hadi Septemba, ndipo waseme kama nabaki au natoka. Bila kibali hakuna kazi, na hii ndiyo kazi niliyokuwa naiota tangu siku ya kwanza Polytechnique, pale wavulana waliponiuliza kama nimepotea njia ya darasa la ushonaji.

Simu niliyokutumia najua umempa Tatiana aende nayo shuleni Likasi. Haya, mdogo wangu na apendeze. Sisi tutaendelea na karatasi kama watu wa zamani. Nakuomba jambo moja tu, usiniulize mambo ya kazi.

Binti yako,
Rolande


Lubumbashi
20 Februari 2024

Mwanangu Rolande,

Pole nimempa Victorine kabla ya kufungua bahasha. Nilimpa upesi, lakini nilimpa.

Nimefurahi mpaka jirani akaja kutazama kama kuna msiba. Binti yangu kwenye injini ya ndege. Tramu sikuzipenda tangu mwanzo, kitu kinachotembea kwenye reli hakihitaji akili, reli ndiyo inafikiri.

Sikuulizi chochote cha siri. Nauliza tu mambo ambayo mtu yeyote angeuliza barabarani. Hewa inaingia kutoka mbele au pembeni? Mafuta ya kulainisha yanapozwa na nini? Na hilo joto ambalo halitakiwi kuonekana, mnalificha wapi, maana joto si panya, huwezi kulifungia kabatini? Haya ni mazungumzo tu ya baba na mtoto.

Jambo la pili ni zito kuliko hilo. Umeandika kurasa mbili na jina la mkubwa wako hukulitaja. Mtoto akipokelewa kazini, mzazi anamsalimia aliyempokea. Nilipoingia Luano, babu yako alipanda treni kutoka Kamina siku mbili, na mbuzi mkononi, akasimama mbele ya mkuu wa karakana, Mbelgiji mwenye ndevu nyekundu, akamwambia: "Huyu ni mutoto wangu. Tangu leo ni mutoto wako. Akiharibu, muniite miye." Yule Mbelgiji alimpokea mbuzi, akampokea na mtoto. Miaka thelathini na moja watu walifukuzwa kulia na kushoto, mimi hakuna aliyenigusa.

Kwenye tramu hukuniruhusu nimsalimie mtu, na umeona mwenyewe, miaka sita uvunguni. Naomba jina.

Papa yako,
Mwenze


Evere, Bruxelles
17 Machi 2024

Papa,

Maswali yako yote matatu ni siri. Hata lile la panya.

Na mkubwa wangu hahitaji kusalimiwa. Anaitwa Bwana Theunis, anakula mkate wake peke yake saa sita kamili, na ukimletea mbuzi ataita polisi. Huku mzazi akimwandikia mkubwa wa kazi, watu wanadhani mtoto ni mgonjwa. Nina miaka thelathini na nne. Nakuomba uliache hilo.

Naandika kwa ukali kwa sababu nimechoka. Kazini mambo hayaendi. Ni nini hasa siwezi kusema, nasema tu kwamba watu wanagombana. Watu wa injini wanatutazama sisi wa vihisi kama wezi wa kuku, na sisi tunawatazama hivyo hivyo. Kila Jumatatu kuna mkutano, na kila mkutano unaishia mtu kubamiza mlango. Asubuhi tunakaa na makoti yetu tukinywa kahawa, kazi haianzi mpaka saa tano banda likishapata joto. Ikianza, kila kitu kizuri, sote ni watakatifu, mpaka kesho yake asubuhi. Na mimi ninayeshika nyaya tu narudi nyumbani nanuka mafuta kama fundi wa malori. Kwenye basi la Evere mama mmoja alihama kiti, nikaona haya hadi nikashuka vituo viwili kabla ya kwangu.

Nina swali moja la nyumbani. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa anatoa vipi madoa ya mafuta kwenye nguo zako za kazi? Nimefua kwa sabuni mara tatu, doa linabaki na rangi ya chai. Nina mashati mawili tu meupe ya heshima na mwezi ujao mama wa ofisi ya usalama anakuja kunihoji. Sitaki anione kama mtu aliyelala gereji.

Maman Victorine amerudi salama. Anasema umekonda na unabisha kama zamani. La kwanza limenisumbua.

Rolande


Lubumbashi
28 Aprili 2024

Mwanangu,

Doa kwanza. Mama yako alikuwa anapaka majivu ya mkaa yaliyochekechwa, anakamulia limau, anaacha juani mpaka jioni, kisha anafua. Huko jua hamna, basi weka karibu na dirisha na umwombe Mungu.

Pili, nimefanya lililonipasa. Sylvestre, yule mtoto wa mwalimu wa Kampemba, amesafiri na mfuko wangu. Ndani mna vifurushi viwili. Chako kina samaki wakavu na barua hii. Cha pili ni cha Bwana Theunis. Usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Mbuzi sikutuma. Nimemtumia kisanduku cha malakiti, lile jiwe la kijani la kwetu, kilichochongwa na rafiki yangu, na barua ya kurasa mbili kwa Kifaransa safi, ile niliyofundishwa na mapadri. Sylvestre aliwahi kukaa Evere, anasema karakana ya namna hiyo anaijua ilipo.

Ukurasa wa kwanza nimemsalimia, nimemshukuru, nimemwomba akuonye kama baba pale utakapokosea. Ukurasa wa pili nimemwekea zawadi ya fundi kwa fundi. Hiyo sikuambii, utaisikia kwake. Mtu akipata zawadi kama ile, mtoto wa aliyemletea hamwachi uvunguni.

Umeona kwamba safari hii sikukuuliza hata swali moja. Nimekutii.

Papa yako,
Mwenze


Evere, Bruxelles
7 Juni 2024

Papa,

Umeniharibia maisha. Nimekaa mezani tangu asubuhi nikitafuta namna nyingine ya kuanza na sikuipata.

Jana niliitwa ofisini kwa Bwana Theunis. Alikuwapo yule mama wa ofisi ya usalama na mwanamume mwingine ambaye hakujitambulisha. Kisanduku chako cha malakiti kilikuwa mezani ndani ya mfuko wa plastiki, walikuwa wamekipima kama kina sumu. Pembeni yake ilikuwapo barua yako, nakala nne, kila mtu na yake.

Ukurasa wa kwanza waliusoma wakitabasamu. Wa pili hakuna aliyetabasamu. Papa, umemwandikia mtu ambaye humjui kwamba injini yake ina kasoro. Umemwambia kasoro iko sehemu gani, inatokana na nini, na aitibu vipi. Injini ambayo kuna watu hata ndani ya jengo lile hawaruhusiwi kuiona. Wewe uko Lubumbashi, hujawahi kukanyaga Ulaya, na una binti mmoja mle ndani.

Yule mama aliniuliza nani alikuambia. Nikasema hakuna. Akaniuliza kama baba yangu ni mtabiri. Nikasema ni fundi, amestaafu, ni kiziwi. Akanyoosha mkono akaomba kadi yangu ya kuingilia. Nimesimamishwa. Nilisindikizwa hadi getini na mlinzi ambaye juzi tu alinionyesha picha za mjukuu wake.

Nilimpigia Sylvestre, aliyekifikisha kifurushi cha Bwana Theunis kwanza kabla ya kuniletea changu. Anasema: "Miye nilifikiri ni zawadi tu, Rolande. Mulinzi akaniuliza ni nini, nikamujibu, bon, ni ya patron, inatoka kwa papa ya Rolande. Sasa mubaya iko wapi?" Nikakata simu. Na yeye anadhani alifanya vizuri. Kila mtu amefanya vizuri isipokuwa mimi.

Nilikuomba kitu kimoja. Masikio yako yalikufa, nikadhani basi na mdomo wako utajifunza kupumzika. Wewe ukahamishia mdomo mkononi.

Usimwandikie tena mtu yeyote. Usimwambie mtu, hata pasta. Karatasi moja tu yenye habari za kazi yangu ikionekana mikononi mwa mtu, nimekwisha.

Rolande


Lubumbashi
6 Julai 2024

Mwanangu Rolande,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikaisoma tena. Neno uliloandika kuhusu masikio yangu limeniuma, lakini baba aliyemwumiza mtoto hana haki ya kuchagua maneno ya kurudishiwa. Nisamehe. Nilitaka Theunis akuone. Nilidhani fundi popote alipo ni fundi, ukimwonyesha ugonjwa wa injini yake atakubusu mkono.

Unasema wanauliza nani aliniambia. Waambie ni shati lako.

Mafuta ya kawaida hutoka kwa sabuni, hilo kila mke wa fundi analijua. Doa likibaki na rangi ya chai, hayo ni mafuta yaliyoungua. Wewe ni wa nyaya. Mafuta yaliyoungua yanakufikiaje? Yanakufikia kwa sababu yametapakaa pale nyaya zako zilipofungwa, kwenye sehemu ya moto, ambako mafuta hayana kazi. Tena mnangoja saa tano banda lipate joto, na likishapata joto shida hamna. Basi ni kitu kinachosinyaa kwenye baridi na kujaa kikipata moto. Halafu mnagombana, watu wa vihisi na watu wa injini. Hao wanasema kipimo kinaongopa, ninyi mnasema injini inatikisika kweli. Wote wawili mnasema kweli kidogo. Kizuio cha mafuta nyuma ya beringi ya mwisho kimesinyaa, mafuta yanapenya, yanaungua, yanavipaka vihisi vyako masizi, navyo vinasoma kama mtu aliyevaa miwani chafu. Nilikuwa na injini ya namna hiyo Luano mwaka wa tisini na moja, baridi ya Juni, wiki tatu tulitukanana. Na ndege inayotaka kujificha haiwezi kuwa inavuta moshi. Ndiyo maana nilijua wamefadhaika.

Hivyo tu. Nilifurahi mno, nikasahau kufikiria kwamba huko kwenu kujua ni kosa.

Sasa tulia. Nimetii neno lako. Leo asubuhi nimetoa barua zako zote, za kazi mpya na za zamani, na bahasha zake, nimezichoma kwenye makaa ya mbabula nyuma ya nyumba mpaka zikawa jivu, na jivu nimelimwagia maji. Na ile rasimu ya barua ya Theunis pia. Hakuna karatasi tena. Wakija hata leo hawatakuta kitu, hakuna wa kukusingizia.

Papa yako,
Mwenze


Evere, Bruxelles
8 Julai 2024

Papa mpendwa,

Sijapata jibu lako lakini siwezi kungoja. Leo nina habari njema kidogo, ya kwanza tangu mwezi uliopita.

Junior, mtoto wa Maman Victorine, amenipeleka kwa wakili, Maître Anaïs, ana ofisi Etterbeek juu ya duka la maua. Ni msichana mdogo, amevaa viatu vya michezo, nikakata tamaa nilipomwona. Lakini anajua kusikiliza. Aliniacha niseme mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Barua ulizomwandikia baba yako, anazo?"

Nikacheka. Nikamwambia wewe hata kamba ya kiatu hujawahi kutupa, barua zangu zote ziko ndani ya lile kopo la biskuti juu ya kabati, kwa mpangilio wa tarehe. Akapiga meza kwa kiganja. Anasema hiyo ndiyo kesi yetu yote. Kamati ya rufaa itatusikiliza tarehe 12 Septemba. Tukiwawekea barua zenyewe, za mkono wangu, na bahasha zake, watasoma wenyewe na kuona kwamba sikukuambia kitu. Watasoma mkutano wa Jumatatu, kahawa, shati. Atakayetaka kusema nilitoa siri itabidi aonyeshe mstari.

Kwa hiyo, Papa, zifunge vizuri zote, usiache hata moja, hata ile ya Machi niliyokujibu vibaya. Mpe Cédric, kaka yake Junior, anarudi huku tarehe 25 Agosti. Amebeba barua hii, anakaa kwa shangazi yake huko kwenu Bel-Air.

Na lile neno kuhusu masikio yako, nalijutia. Nililiandika kwa hasira nikalipeleka posta kabla hasira haijapoa. Nilitaka kukuumiza kwa kuwa wewe ulikuwa mbali na wao walikuwa karibu na sikuwaweza. Ukinisamehe utaniambia, na usiponisamehe, barua zitume hivyo hivyo.

Kwa mara ya kwanza nimelala usingizi.

Binti yako,
Rolande


Lubumbashi
2 Agosti 2024

Rolande, mwanangu,

Cédric aliniletea barua yako jana. Aliona ninavyoisoma, akaniletea kiti bila kuombwa. Aliniandikia kwenye karatasi, "Papa Mwenze, kuko mutu alikufa?" Nikamwambia hapana, kuko kitu nilichoma.

Kufikia sasa umeshapata barua yangu ya tarehe 6 Julai na umeshajua. Kopo ni tupu. Barua zetu zimepishana njiani kama watu wawili wanaotafutana sokoni, na mimi nilitangulia kwa siku mbili. Ulisema karatasi moja ikionekana umekwisha, na mimi nikasema safari hii nitatii kikamilifu, bila kuongeza langu. Siku niliyobisha nilikuharibia na siku niliyotii nimekuharibia. Nimekasirika na nafsi yangu.

Nimefanya kilichobaki. Barua zako nilikuwa nazisoma mara kumi au kumi na tano kila moja, maana mtu asiyesikia kitu siku nzima ana nafasi kubwa ya kusoma. Nimezikumbuka. Nimeketi siku nzima nimeziandika upya, ya Januari, ya Machi na ya Juni, neno kwa neno nilivyoweza. Neno la masikio yangu nimeliandika pia, sikuliruka, wasije wakasema nilichagua. Nimeongeza kurasa kumi na moja nikieleza nilivyojua, hatua kwa hatua, na mchoro. Cédric anazo zote.

Nimekusamehe siku ile ile, hata kabla hujaomba. Sasa na mimi naomba jambo moja, dogo. Zile kurasa kumi na moja nimeziandika bila kujua kama nilichoandika ni kweli. Hakuna aliyeniambia. Najua sistahili kuuliza, lakini nina miaka sabini na mbili na hii ndiyo injini yangu ya mwisho. Niambie tu, nilipatia au nilikosea? Neno moja linatosha.

Papa yako,
Mwenze


Evere, Bruxelles
20 Septemba 2024

Papa,

Wamekataa. Kibali hakipo, na bila kibali kazi haipo. Nimepokea barua yao Jumanne, mistari minne na muhuri.

Nakueleza ilivyokuwa ili usibaki unakisia, maana tumeona matokeo ya kukisia kwako. Tulikuwa chumba kidogo, watu watatu mbele, Maître Anaïs na mimi upande huu. Aliwawekea nakala zako. Mwenyekiti alizigeuza-geuza, akauliza kwa nini mwandiko wa binti unafanana na wa baba. Anaïs akaeleza. Mwenyekiti akasema kwamba barua iliyoandikwa na anayetuhumiwa kuipokea si barua. Kisha akauliza kwa nini mtu asiye na cha kuficha alichoma zile za kweli. Nilisema ni mimi niliyemtisha. Akaandika.

Kisha wakafika kwenye kurasa zako kumi na moja. Walikuwa wamemwita mtaalamu. Anaïs akamuuliza kama mtu anaweza kujua haya yote kutokana na doa la shati. Mtaalamu akasema labda, mhandisi mwenye uzoefu mkubwa sana, akiwa na michoro mbele yake. Mwenyekiti akanigeukia, akaniuliza baba yangu alisoma chuo kikuu gani. Nikasema hakusoma chuo, alijifunza Luano, mikono ndani ya injini. Akaniuliza Luano ni nini. Nilipomweleza aliinamisha kichwa kwa adabu, na hapo nikajua tumeshindwa.

Papa, hicho ndicho kinachonichoma kuliko kadi waliyonivua. Ilikuwa rahisi kwao kuamini kwamba mimi ni msaliti kuliko kuamini kwamba wewe ni fundi. Nilitaka kupiga kelele mle ndani. Nilisema asante nikavaa koti.

Nilikwenda karakana kuchukua vitu vyangu, buti na kikombe. Bwana Theunis alishuka ngazi mwenyewe hadi getini, yeye ambaye hashuki hata kengele ya moto ikilia. Akauliza baba yangu ana umri gani. Nikamwambia. Akafunga kifungo cha koti lake, akakifungua tena. Mwisho akasema: "Mwambie nimepokea salamu zake." Hakuongeza neno na mimi sikuuliza.

Umeniomba jibu moja. Siwezi kukupa. Kabla ya kutoka getini niliwekeshwa sahihi nyingine, na hii haina Septemba, ni ya maisha yangu yote. Kukosea au kupatia, siruhusiwi kukuambia sasa, wala ukiwa kitandani unakufa. Nimeutazama mstari huo kwenye fomu nikakufikiria wewe, nikatia sahihi, kwa kuwa nisingetia wangenishtaki. Wamechukua kazi yangu na bado siri yao ninawatunzia bure.

Jumatatu naanza tena kwenye tramu. Walinipokea bila swali, hata kabati langu la zamani lilikuwa bado halijapata mtu.

Rolande


Lubumbashi
13 Oktoba 2024

Mwanangu,

Usijisumbue na lile swali. Nalifuta. Hukuniambia kitu, na akija mtu kuuliza nitaapa kwamba hukuniambia kitu, na safari hii barua yako nimeiweka mahali salama ili aisome mwenyewe.

Lakini mimi ni fundi, nikinyimwa kufungua injini naizunguka kwa nje. Mzee akiandika upuuzi kutoka Lubumbashi, watu wanacheka na karatasi yake wanafungia mikate. Hawaiti wakubwa watatu. Hawamvui binti yake kadi, hawaiti mtaalamu, hawamwekeshi sahihi ya maisha. Na Mbelgiji hashuki ngazi kumtumia salamu mzee aliyemwandikia uongo. Kwa hiyo nimejua, na hakuna aliyeniambia.

Nilidhani siku nitakayojua nitafurahi. Nimekaa nalo jambo hili wiki nzima. Miaka thelathini na moja nilijisifu mbele ya watu wote kwamba hakuna injini niliyowahi kuikosea, na ilikuwa kweli, muulize yeyote aliyebaki hai. Hii moja, Rolande, ningetoa mkono wangu wa kulia niwe nimeikosea.

Papa yako,
Mwenze